Barua ya Bi Margaret Niliyoimalizia Mwenyewe

Kuna watu hapa Stockholm wakiniona tu wanaanza kucheka kabla hata sijawasalimu, na wala siwalaumu, maana ningekuwa mimi ndio wao ningecheka mpaka nikae chini. Aibu niliyoipata Jumamosi ile pale Sundbyberg sijui niiweke wapi, basi nimeona bora niisimulie kwa kinywa changu, kwa sababu wanaonisimulia wengine wanatia chumvi (wapo wanaodai nilizimia, uongo mtupu, niliinamia meza tu).

Sisi tuna kikundi chetu cha kusoma, Waswahili wa kila aina, Watanzania kama mimi, Wakenya, Wakongo, Warundi, na tunakutana Jumamosi mchana kwenye chumba kimoja cha mikutano hapo Sundbyberg, tunakunywa kahawa, tunasoma, tunabishana. Kiongozi wetu ni Mwalimu Wafula, Mkenya mstaafu anayependa mambo ya kale, na mwaka jana alituletea jambo lake jipya: barua za Waingereza wa karne ya kumi na nane. Tukaguna wote. Lakini alipotueleza, kumbe watu wale ni sisi! Bibi mmoja wa mashambani, Bi Margaret, anamwandikia shoga yake aliye London, nani kaoa, nani anaumwa mguu, nani kanuniana na nani, halafu kitabu gani kipya kimetoka, na tafadhali ukimaliza juzuu ya kwanza mpe mtu aniletee, ila usimpe fulani maana yule harudishi. Na sisi vitabu vipya vya Kiswahili vinatufikia hivyo hivyo, ndani ya sanduku la mtu aliyetoka Dar au Nairobi, vimeviringishwa kwenye kanga karibu na dagaa, na kabla hujamaliza sura ya pili ushapigiwa simu na anayengoja zamu yake.

Mwalimu akasema kila mtu atachukua barua moja aitafsiri. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Hiyo ndefu niachieni mimi." (Hakuna aliyenilazimisha. Kulikuwa na fupi tatu.)

Nilipewa wiki sita. Wiki tano nikaziangalia zikipita, ya sita nikaanza, na asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa jikoni kwangu Tensta nimemaliza kurasa mbili kati ya nne, kwa sababu Waingereza wale sentensi inaanzia juu ya ukurasa na nukta yake unaikuta ukishafunua upande wa pili. Ningesema tu, "Samahani, sijamaliza," maneno mawili, dunia isingeanguka. Lakini nikajiambia, Zuhura, huyu Bi Margaret anazungumzia nini zaidi ya marafiki na vitabu? Na wewe una marafiki, na una vitabu. Malizia!

Hapa sasa lazima nimtaje kaka Nestori. Kaka Nestori ni Mrundi, anaendesha treni za chini ya ardhi, laini nyekundu, anakaa Vårby gård, kusini mwa jiji, mpole, mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Wiki mbili kabla ya siku ile alinivuta pembeni akaniuliza ni vitabu gani anavipenda Beatrisi, mwenzetu Mkongo mwenye kibanda cha kushona hapo Sundbyberg, na nilipomkazia macho akacheka kwa haya akakiri kila kitu. Alikuwa ananunua kila kitabu kipya si kwa kukisoma, bali apate sababu ya kupita pale kibandani kumwazima. Alikuwa hajapata kumwambia neno lingine lolote. Akaniambia, "Dada, ninakuomba sana, hii ibaki hapa kati yetu. Akijua kabla sijajiandaa, nitakimbia na sitarudi." Nikamwapia, jamani, nikamwapia kwa jina la marehemu mama yangu.

Na mimi humo baruani nilidhani nimemficha vizuri. Nilimwita Bwana Harris. Treni nikaigeuza gari la farasi (nikaona akili zangu zimezidi). Nikaandika kwa raha, chai ikapoa, na nilivyotoka kituoni nilikuwa naona Bi Margaret mwenyewe angenipa mkono.

Kufika, nakuta Mwalimu ana mgeni, Mama Birgitta, mama wa Kiswidi aliyefundisha Dodoma miaka ya nyuma, Kiswahili chake safi kuliko changu, na mapajani ana kitabu kizima cha barua zile kwa Kiingereza. Halafu Mwalimu akasimama: "Sasa wasomaji, siku hizo barua haikuwa ya mtu mmoja. Ikifika, inasomwa kwa sauti mbele ya wageni sebuleni. Na sisi tutafanya vivyo hivyo, na hakuna kusoma ya kwako. Tutapiga kura." Barua zikakunjwa, zikatiwa kwenye bakuli, kila mtu akachota. Na ya kwangu ilichotwa na nani? Na kaka Nestori.

"Nimepata ya dada Zuhura," akasema kwa furaha. "Hii itakuwa nzuri."

Nilitaka kuinuka niseme karatasi ina kasoro, nikashindwa, nikabaki natabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Akaanza, kwa sauti ile ile ya kutangazia vituo, kila neno mahali pake. Kurasa mbili za kwanza watu walicheka panapochekwa. Akafunua ya tatu.

"'Na sasa nikupe habari za Bwana Harris, yule aliyefiwa na mkewe, anayeendesha lile gari jekundu la farasi litokalo kusini. Siku hizi ananunua kila kitabu kipya, wala hapiti ukurasa wa tano, ila apate sababu ya kubisha hodi kwa Bi Susannah mshonaji. Akifika huvua kofia, akauliza, je, sura ya kumi umeionaje?'"

Watu wakaitazama kofia ya kazi ya kaka Nestori pale mezani. Kisha wakamtazama Beatrisi, aliyekuja moja kwa moja kutoka kibandani, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Nilimwombea kaka Nestori aache, aseme miwani imeharibika, chochote, lakini yule ni dereva, hasimami katikati ya vituo, akasoma sentensi ya mwisho kwa sauti ndogo: "'Aliniambia mwenyewe, akanisihi nisimwambie mtu.'"

(Ndiyo. Hata hiyo niliiandika.)

"Samahani ndugu zangu, mimi nimepotea," akasema Mama Birgitta, anapekua kitabu chake kwa bidii. "Huyu Bwana Harris yuko ukurasa gani?"

"Ni toleo lingine, mama," nikajibu.

"Toleo gani, Bi Zuhura?" akauliza Mwalimu. "Si mimi ndiye nilikupa hizo kurasa?"

Mama Birgitta, bila ubaya wowote, akasema kwake mahali hapo pameandikwa mengine, akayatafsiri palepale: "'Rafiki yangu, hapa acha kuwasomea ulio nao, kwa maana yafuatayo ni siri ya mtu aliyeniamini.'"

Za mwizi arobaini. Hapo ndipo nilipoinamia meza.

Kaka Nestori aliikunja ile karatasi taratibu, akaiweka mbele yangu, akasema, "Dada Zuhura," basi, na heri angenitukana. Nilijisikia vibaya kwelikweli, si kwa kuumbuka, ni kwa yale macho yake. Akachukua kofia akaelekea mlangoni.

"Kaka Nestori, ngojea kwanza," akasema Beatrisi. "Ni kweli? Ukurasa wa tano?"

Akasimama amempa mgongo. "Cha kwanza, wa tano. Hiki cha mwisho nilifika wa tisa."

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Beatrisi peke yake hakucheka. "Eh bon. Na mimi vile vitabu sikuvipenda, ata kimoja. Nilivimalizaka vyote, juu ya vile nilijua utakuja kuniuliza."

Kicheko kikakatika. Kaka Nestori akageuka, uso wake siwezi kuueleza, akamfungulia mlango, wakatoka pamoja, na kahawa zao zikabaki mezani.

Kesho yake nilifunga safari mpaka Vårby gård na sufuria ya pilau, nikalia, nikaomba radhi. Akanikaribisha, akala, akasema, "Nimeshakusamehe, dada. Pengine bila wewe ningekuwa bado ninanunua vitabu. Lakini siri yangu nyingine hautaipata." Nikadhani ananitania.

Miezi minane baadaye nimesimama kwenye foleni Tensta nanunua ndizi, mama mmoja Mganda, ambaye hata kwenye kikundi hayumo, ananiambia, "Harusi ya Nestori na Beatrisi imekaribia, lakini wewe bila shaka ulijua zamani." Mimi! Niliyejua kabla ya bibi harusi mwenyewe! Mwalimu alijua, Mama Birgitta alijua, kamati ilishakaa vikao viwili, ukumbi ushapatikana. Nilisimama pale na ndizi zangu, nikasema ndiyo, nilijua, halafu nikajirudi nikasema hapana, mama, ndiyo kwanza nasikia kwako.

Tangu hapo nimeapa: kazi isipoisha nitasema haijaisha, na jambo la mtu likiingia sikioni kwangu ndiyo limefika mwisho wa reli. Jana simu imelia, shoga yangu mmoja anasema ana habari nzito lakini nimwahidi kwanza sitasema. Nikamwambia asiniambie. Nimelala nimeumwa kichwa, lakini sikumpigia.