Chumba cha Zambarau Alichokiona Mhando

Kwa nyinyi mliokulia Dunda wakati televisheni bado inavikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, sina haja ya kuwakumbusha harufu ya sebule ya Bi Mwanahawa: mafuta ya nazi, udi, na waya wa umeme unaofikiria kuungua. Kwa wengine nitaeleza kwa utaratibu.

Bi Mwanahawa alikuwa mjane aliyeuza ubuyu na barafu za ukwaju dirishani kwake. Mwanawe aliyefanya kazi Muscat alimletea televisheni na mashine ya gemu, akidhani mama atapata cha kumliwaza. Mama aliliwazika kweli: kila aliyenunua barafu aliruhusiwa kuingia kucheza. Pedi za kuchezea zilikuwa mbili, na moja ilikubali kwenda kulia tu, hivyo aliyeishika aliishi kwa kusonga mbele bila kujutia lolote. Sisi wasichana tulipata pedi pale tu mvulana alipokwenda chooni. Muda mwingine wote tulitazama, na ndiyo maana leo sisi ndio tunaokumbuka mambo yalivyokuwa. Wao wanakumbuka ushindi.

Kaseti ilikuwa moja, ya njano. Karatasi iliyobandikwa juu yake iliahidi michezo maelfu. Kwa kweli ilikuwa saba. Mingine yote ni ile ile, imebadilishwa rangi ya suruali. Tulipokua na kuanza kusikiliza kampeni za uchaguzi, hatukushangaa sana. Kaseti ikigoma kuwaka tuliipuliza. Kaka yangu Shomari, bingwa wa mtaa, alianza kwa Bismillahi. Deo, mtoto wa mwalimu wa kule misheni, alipiga ishara ya msalaba. Iliwaka kwa wote wawili, na mjadala uliofuata uliwashinda hata wazazi waliokuja kuuamua.

Mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa na mtu mdogo mwenye kapu mgongoni, anayerukaruka kutoka tawi hadi tawi akikusanya matunda na kukwepa nyoka. Jina lake halisi liliandikwa Kichina. Sisi tulimwita Mkwezi, kwa kuwa kazi yake ilifanana na ya watu wanaopanda minazi yetu, ila yeye akianguka alifufuka.

Mkwezi alikuwa na kasoro zake. Vijana wa leo wana majina ya kitaalamu ya kasoro hizo. Sisi tulikuwa na maelezo. Nyoka aliyeishiwa na ardhi na bado akaendelea kutembea hewani, tulisema hajaambiwa kuwa ameanguka. Ukikusanya matunda mengi kupita kiasi, hesabu iligeuka alama zisizosomeka, na siku moja tulimleta kijana aliyekuwa akijifunza kuandika hirizi azisome. Alizitazama kwa makini sana, akasema zinasomeka, ila si bure.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye hatua ya kisima. Ukiruka kinyumenyume ukagusa kona ya ukuta, Mkwezi alizama ndani ya ukuta na kutokea upande wa pili bila kupambana na yeyote. Je, huo ni ushindi au wizi? Deo alisema ni dhambi. Shomari, aliyepata ubingwa kwa njia hiyo hiyo, alisema ni kipaji. Bi Mwanahawa alitoa hukumu huku akiendelea kufunga ubuyu: "Nyumba ina mlango. Anayepita ukutani ni mwizi au jini, na hapa kwangu sitaki wote wawili."

Mhando alikuja mtaani kwetu wakati huo. Alikuwa Mzigua wa Msata, ameletwa kukaa kwa shangazi yake ili asome. Sisi ni Wakwere, na Wazigua ni watani wetu. Msibani kwa babu yangu, Mzigua mmoja alijilaza njiani mbele ya jeneza akidai marehemu haendi popote mpaka arudishe jogoo wake. Watu walicheka huku wanalia, wakampa chochote akaondoka. Ndiyo sheria ya utani. Mtani anasema lolote, nawe hukasiriki, na wala humwamini.

Adhuhuri moja, wengine tukiwa chuoni tunasoma Kurani na Bi Mwanahawa amejilaza, Mhando alibaki peke yake na kaseti ya njano. Tulipotoka tulimkuta ametusubiri langoni, anahema.

"Jamani! Nimeingia ukutani pale kisimani, sikutokea upande wa pili. Nimezama chini! Kuna chumba, kikubwa, mbingu yake zambarau. Hakuna nyoka, hakuna muziki. Kuna ngazi inapanda halafu inaishia hewani. Na matunda yananing'inia, ukiyagusa hayaokoteki..."

"Nyinyi Wazigua mnaota mchana," Shomari akamkatiza.

"Wallahi nimeona! Umeme ndio umekatika!"

"Mtani akikuapia, ficha kuku."

Tulicheka mpaka mwalimu akachungulia dirishani. Hapo Mhando akafanya kitu ambacho mtani hafanyi: akakasirika. "Leo si utani!" akapiga kelele. Tukacheka zaidi, maana hakuna mtani asiyeanza hivyo.

Hakutaka barafu ya bure, wala hakutaka kumvua Shomari ubingwa. Alitaka mtu mmoja tu amkubalie kwamba ameona alichokiona. Alimwendea kila mmoja wetu peke yake, kwa zamu, na kila mmoja alimjibu kwa mzaha mpya, kwa sababu kumjibu mtani bila mzaha kwetu ni kumvunjia heshima.

Jumamosi akakalishwa mbele ya televisheni athibitishe. Sebule ilijaa hadi barazani. Mkwezi akaruka kinyumenyume, akagonga kichwa. Akaruka tena, akagonga. Shomari alishika kikombe cha bati mdomoni akatangaza kama mpira wa redioni: "Anaruka Mzigua, anatafuta chumba, chumba hakijulikani kilipo, na mpira unatoka!" Mhando alikuwa akisema taratibu, "Subirini, jamani, kona yenyewe ni ndogo," jasho likimdondokea kwenye pedi. Kisha ikaadhiniwa alasiri, Bi Mwanahawa akaifunika televisheni kwa khanga, na kesi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo aliitwa Bwana Zambarau. Hakukanyaga tena sebule ile, na shule zilipofungwa mwisho wa mwaka alirudi kwao Msata.

Sasa nije kwenye siku hizi. Shomari ana kijana wa miaka kumi na mitano, Rama, mwenye kipaji cha kutazama watu asiowajua wakicheza gemu ambazo yeye mwenyewe anazo. Enzi zetu tulimtazama mwenzetu kwa kuwa pedi hazikutosha. Rama ana simu yake, ana pedi yake, hakuna anayemnyang'anya, na bado anamtazama mtu wa ng'ambo akiruka kwa niaba yake.

Nilikuwa kwao nachambua mchele wa Idi, yeye kajilaza kwenye kochi na simu yake, nikamwona Mkwezi. Nilidhani macho yananidanganya. Kumbe kuna kijana huko ng'ambo ambaye kazi yake ni kufumua gemu za zamani na kuonyesha yale ambayo watengenezaji wake waliyaanza, wakabadili mawazo, wakayaacha humo humo bila kuyafuta, kama fundi anayepiga plasta juu ya mlango asioutaka. Akasema hatua ya kisima ina sehemu isiyotumika, na ni vigumu sana kuifikia kwa kucheza. Akaifungua. Mbingu ya zambarau. Ngazi inapanda, inaishia hewani.

Nikamwita Shomari. Alitazama amesimama, akarudisha nyuma, akatazama tena. Akamrudishia mtoto simu yake, akasema, "Kesho tunakwenda Msata."

Tulikwenda sote watatu. Tukapita Makurunge, tukapita Fukayosi, na Shomari hakusema neno. Kwa mtu anayeweza kutangaza hata foleni ya maji, hiyo kwangu ilikuwa habari.

Mhando ana karakana ya kuziba pancha pale yanaposimama malori. Alitutambua tukiwa bado mbali.

"Nani kafa? Wakwere hawaji Msata bila msiba!"

"Shikamoo," Rama akasema.

"Marahaba. Mtoto wa Shomari huyu? Mbona ana adabu, mlimwokota wapi?"

Shomari alikuwa amejiandaa kuomba radhi, nilimjua kwa jinsi alivyokuwa akikohoa. Lakini mtani haombwi radhi, ungeanzaje? Akampa simu tu. Mhando akafuta mikono kwenye suruali, akaishika kwa ncha za vidole. Dereva wa lori alikuwa akimwita, hakusikia. Mkwezi alipozama chini, Mhando alikaa juu ya tairi polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo zito.

"Chumba ndicho," akasema. "Ila yule mwanamke simwoni."

"Mwanamke gani?" nikauliza.

"Alikuwapo mwanamke amekaa. Nilipofika kwenye matunda mlikuwa mmeshaanza kucheka, sikumalizia."

Rama akachukua simu, vidole vikakimbia. "Ba'mdogo, huyu jamaa amefungua kila kitu kilichomo. Mwanamke hayupo. Kuna mtu kamuuliza kabisa kama kuna watu mle, amejibu hakuna."

Nilimtazama Mhando usoni. Sikuweza kujua kama ni uso wa mtani au wa yule mtoto wa langoni, na nimezoea kusoma nyuso za watu. Hakumwangalia Rama, wala mimi. Alimwangalia Shomari.

Shomari akavuta tairi jingine, akakaa.

"Alikaa upande gani?" akamuuliza.

"Kushoto, chini ya ngazi."

"Anatazama wapi?"

Mhando akaanza kueleza, kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyemkatiza. Dereva wa lori alipiga honi mpaka akachoka, akashuka, akaja kusikiliza naye.

Tukiwa njiani kurudi Rama alitusikitikia. "Lakini, baba, hayupo. Ni kitu kinachojulikana."

"Wewe ulikuwapo?" Shomari akamuuliza.

Mtoto akaenda kulitafuta jibu kwenye simu. Simlaumu. Wao wamejaliwa: wakitaka kujua nyuma ya ukuta kuna nini wanaonyeshwa, na hakuna mtoto anayerudi kwao akiitwa mwongo. Sisi tulikuwa na shahidi mmoja, Mzigua, aliyeona mara moja kabla umeme haujakatika, na ilikuwa ama umwamini au ukose chumba chote. Karibu na Fukayosi nilifumba macho, nikamwona yule mwanamke, kushoto, chini ya ngazi, ametulia. Nilipomweleza Rama, aliniwekea simu mbele ya pua ili nihakikishe kwamba sikuona kitu.