Jiwe la Tatu

Mama yangu alizaliwa Ibra. Mamake alipokufa, babu alimchukua Unguja angali hajui hata kujifunga ushungi. Tuliporudi Omani, miaka ya sabini, alikuja na maneno ya marehemu babu: kaburi la bibi liko kwenye maziara ya zamani, chini ya mkunazi, upande wa wadi, ule mto mkavu.

Maziara yale ni ya kale, hakuna ajuaye nani alitangulia kuzikwa pale. Makaburi hayana majina. Ni mawe ya mlimani tu, yamesimikwa kwenye changarawe, jua limeyachoma mpaka yamekuwa meusi.

Mkunazi tuliuona, na kaburi chini yake. Mama alilia kama aliyefiwa asubuhi ile. Tangu hapo, kila Alhamisi alasiri, tulikwenda na chupa ya maji na kitawi cha mrehani. Alimhadithia bibi harusi yake, uzazi wake, nyumba ya Unguja tuliyoifunga tukaiacha. Kwa Kiswahili, lugha ambayo bibi hakuijua hata neno.

Siku moja akapita jirani yetu, mwanamke asiyewahi kutoka Ibra, na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani.

"Ya bint Zinjibar, nani wako huyo?"

"Mamangu," mama akajibu. Kiarabu chake kiliishia hapo.

Jirani alicheka mpaka mzigo ukamponyoka. Akasema maneno mengi, haraka haraka. Mama akanigeukia mimi, niliyekuwa nasoma skuli.

"Kasemaje, mwanangu?"

Nilitamani nami nisijue.

"Kasema kaburi la mawe mawili, kama hili, ni la mwanamume. Mwanamke huwekewa na la tatu, katikati. Kasema... siku zote hizi unamlilia mume wa watu."

Mama hakucheka. Alitazama upande wote wa wadi. Mawe matatu, mawe matatu, mpaka kwenye ukuta wa maziara. Mikunazi nayo ilikuwa mingi, na visiki vya iliyokatwa ni vingi zaidi.

"Muulize, basi, yupi?"

Nikauliza. Jirani akaacha kucheka. "Allahu aalam, mwanangu," akasema taratibu, akaokota majani yake.

Mama alisimama na chupa mkononi, akigeuka huku, akigeuka kule. Maji tulirudi nayo.

Alhamisi iliyofuata alikoga, akavaa buibui, akajaza chupa. Akakaa kizingitini mpaka ikaadhiniwa magharibi.