Mjane Aliyekataa Kuachwa Kwenye Filamu

Juzi nilipigiwa simu kutoka mtaa wa Buyenzi kwamba yule mama muuza sambusa amefariki, na kwamba maziko ni alasiri hiyohiyo. Nilimwahi makaburini. Nimerudi na majonzi, lakini kila nikimkumbuka najikuta nacheka, na nadhani yeye asingeniona mkosefu wa adabu. Wasomaji wa rika langu watamkumbuka kwa filamu moja tu, ile pekee aliyopata kucheza maishani mwake.

Ilikuwa miaka ya vita. Bunduki zilisikika kutoka milimani, na amri ya kutotoka nje ilitufungia majumbani mapema. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliazima kamera ya video akatunga komedi: mjane wa makamo anapendwa na kijana fundi redio. Mimi nilishika taa. Kijana tulimpata chuo kikuu. Alikuja Buyenzi kutoka mtaa mwingine, wakati ambapo vita vilikuwa vimeigawa mitaa na kuvuka kulihitaji moyo. Mjane alikuwa huyu mama, ambaye mumewe aliuawa vita vilipoanza. Mwanawe mkubwa, makanika mwenye ndevu nzito, alichukia mama yake kuigiza mapenzi hata akaacha kutusalimu. Lakini mama alikuwa na kipaji. Kijana alipopiga hodi tena na bisibisi mkononi, alimwambia, "Redio yangu ni nzima, we." Kijana akajibu, "Najua, mama. Naitengeneza isije ikaharibika." Mama akamtazama kwa jicho la mahaba, hata mimi taa ikaniyumba.

Tulipofika mwisho, mwalimu akamsomea mama: kijana anacheka na wenzake, kumbe waliwekeana dau, kisha anamwacha mjane mlangoni na kuoa msichana. Mama akavua kilemba cha mchezo.

"Apana. Iyo mi sifanye."

"Mama, ni komedi. Watu wanataka kucheka."

"Wacheke. Lakini wacheke na mi, wasinicheke mi. Mutu amefiwa na bwana, anapata kidogo furaha, na nyinyi munamupiga. Kosa yake ni gani?"

Mwalimu akakunja karatasi zake. Tulikunywa chai ya mama, tukaondoka tukidhani filamu imekufa. Kumbe aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia akisikiliza ni yule mwanawe. Kesho yake alikuja mwenyewe kwa mwalimu. "Kama huyo kijana anataka mama yangu," alisema, "aje ampose kwangu."

Ndivyo tulivyopiga picha ya mwisho: kijana ameketi kwenye mkeka, jasho linamtoka, akiikodolea macho chupa ya Fanta, mbele ya yule makanika mwenyewe, sasa akicheza mtoto wa mchumba, naye anamzidi kijana umri. Mwana anauliza kwa ukali, "Nikikubali, nitakuita baba?" Kijana anajibu, "Uniite vile unataka, lakini Fanta usininyime." Ndevu zote zile zikatikisika kwa kicheko. Hakikuwa katika mchezo, nasi hatukukikata.

Filamu tuliionyesha mchana, katika ukumbi wa mtaa, ili watu wawahi kurudi. Walikuja hata wa mitaa iliyokuwa haiingiliani tena. Mwana alipokawia kujibu posa, mjane mmoja nyuma akapiga kelele, "Mukubalie!" Wengine wakadakia, ukumbi mzima ukawa unaposa. Nilimwona mama akijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Sikujua kama anacheka au analia.

Vita vilitupa wajane wengi, baadhi yao wabichi kabisa, nasi tukawataka wakae kimya kama vyombo vilivyofunikwa. Tuliita hiyo heshima. Mama huyu alituonyesha kwamba mtu anaweza kumlilia mumewe kwa haki yote na bado akatamani kubishiwa hodi. Kwa hiyo, msomaji, ukimwona mjane jirani yako amejipamba na anacheka, usimuulize marehemu angesema nini. Mwambie amependeza, upite.