Wageni Wangu wa Jumamosi

Mimi hutengeneza tovuti hapa Makorora, na Mwanaidi hutangaza biashara mtandaoni. Tuna mapatano: akipata mteja asiye na tovuti ananiletea, nami nikimaliza tovuti nampelekea mwenye tovuti akatangaziwe. Ndivyo tulivyomhudumia Bi Zuhura, mwenye nyumba ya wageni kule Kigombe.

Tangazo lake lilipotoka tu, simu yangu ikafurika ujumbe. "Tumeona tangazo lenu. Tuje Jumamosi?" Nikajua Mwanaidi sasa ananitangaza mimi. Wote nikawajibu karibuni sana, njooni hata na familia. Sikumuuliza mtu shida yake. Fundi anayetafutwa haulizi.

Jumamosi nikavaa kanzu mpya, nikaazima viti vya jirani, nikaandaa sinia la halwa na birika la kahawa. Hadi adhuhuri hakuna aliyekalia kiti. Ndipo Bi Zuhura akapiga.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Vyumba vimejaa, wengine wako barazani na watoto wao. Wote wanasema umewakaribisha wewe."

Nikafungua tovuti yake. Kwenye kitufe cha mawasiliano ilikuwamo namba yangu, niliyoiweka kwa majaribio nikasahau kuitoa.

Nikapanda bodaboda hadi Kigombe na sinia langu mapajani. Mgeni mmoja akaitazama kanzu, akauliza kama mimi ndiye mwenye nyumba.

"Siye," akajibu Bi Zuhura, baraza zima likisikia. "Huyu ni fundi aliyesahau namba yake kwenye tovuti yangu. Na asithubutu kuitoa."