Bwawa la Wanaume Watupu

Baba alipostaafu ualimu alichimba bwawa la samaki nyuma ya zizi, kule kwetu Subukia, na akataka tilapia madume tu. Alikuwa amesikia kwamba jike akikomaa nguvu zake huishia kwenye mayai, halafu bwawa linajaa vitoto visivyonenepa. Aliyemuuzia vifaranga vya samaki alimwapia, "Mzee, hapo hakuna hata jike mmoja." Baba, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akawatangazia majirani kana kwamba amefungua seminari.

Mama hakupendezwa. "Wanaume watupu, kazi yao kula tu. Hao si ninao tayari hapa nyumbani?"

Miezi ikapita. Nilikuwa nyumbani likizo mama alipovua samaki wa kukaanga, akamtia kwenye beseni la maji, akaona mashavu yamevimba. Akambonyeza kidogo. Vitoto vikamwagika kutoka mdomoni, macho tu, vikaanza kuogelea.

"Mwalimu," akamwita baba, "huyu mwanamume wako amezaa."

Baba akaja, akatazama, akatafakari. "Anawala."

"Anawala bila kutafuna?"

Kesho yake akaja afisa wa uvuvi, msichana wa umri wa kitinda mimba wetu. Akaeleza kwamba tilapia jike huatamia mayai mdomoni bila kula, na vitoto vikiogopa hukimbilia humo humo. Kisha akamgeuza samaki tumbo juu. "Mzee, angalia huku chini. Dume ana matundu mawili, jike matatu."

Baba akaangalia mlimani. "Nimeona."

"Hujaona, mzee. Vaa miwani."

Mimi na mama tukaingia jikoni kucheka. Tulipotoka, baba alikuwa amepiga magoti kando ya bwawa, mkao wake wa Jumapili, akichungulia samaki mmoja mmoja na kuwatenganisha. Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, aliyekuja kuchukua maziwa, akauliza mzee anaombea nini.

"Nahesabu matundu," baba akajibu bila kuinua kichwa.

Mwenyekiti akachukua maziwa yake, akaondoka.

Majike tuliwala na ugali. Madume wakabaki, wakanenepa kweli. Lakini yule mwenye vitoto baba alikataa akaangwe. Alimhamishia kwenye tangi la kunyweshea ng'ombe pamoja na wanawe, akawa anamnyunyizia chakula na kumsihi. "Kula, mama. Umekaa na njaa sana kwa ajili ya watoto."

Mama, aliyekuwa akikamua, akasema hakumbuki lini mtu alimsihi yeye hivyo.

Baba akaweka chakula cha samaki chini, akaenda kumchemshia chai.