Shamba Lililokuwa Juu ya Mgodi

Kaka yangu alipofika na ng'ombe wake penye ua wa miiba, nilipaswa kumwambia hapana. Badala yake nilivuta tawi la mgunga pembeni, nikawapisha.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka ambao mvua zilitupita. Kijijini kwetu, huku nyuma ya vilima vya Gulwe, hapakuwa na jani la kijani isipokuwa ndani ya ua ule. Lilikuwa eneo la mgodi wa vito uliokwisha kufungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimekabidhiwa kulilinda mpaka nyasi zilizopandwa juu yake zishike.

"Mbukwa, mdogo wangu," kaka alinisalimu kwa Kigogo akiegemea fimbo yake. "Nyasi hizi unamwekea nani? Umenunua twiga?"

"Kaka, hapa pamefungwa. Udongo haujashika bado."

"Haujashika! Udongo huu nimeukuta mimi, wewe hujazaliwa, na sijauona ukikimbia."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akawageukia wanyama wake, ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali, na kicheko kikamwisha.

"Siku chache tu," alisema. "Wale waliokwenda kwa baba mkwe wako, walikulia wapi kabla hawajaenda? Si kwangu?"

Baba yetu alifariki kabla sijaoa, na ng'ombe wote wa mahari yangu walitoka katika zizi la kaka. Hakuwahi kunikumbusha hata mara moja kabla ya asubuhi ile. Mtu wa kwetu akikumbushwa jambo hilo, hajui atamwambiaje ndugu yake kwamba nyasi ni muhimu kuliko mifugo inayokufa. Nami sikujua.

Lakini kazi yangu niliijua, na hilo ndilo linaloniuma. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua katika mgodi wa makaa ya mawe kule kusini magharibi, nikakaa huko miaka mingi, nikatoka kibarua nikawa msimamizi wa zamu. Namshukuru Mungu kwa miaka ile. Chini kule nilifundishwa kusimika matimba ya kuzuia dari, kusikiliza mwamba unavyolia kabla haujaachia, na kumtoa mwenzangu kwanza. Msimamizi wangu alikuwa mzee wa Tukuyu, kwenye mvua na rutuba nyingi, mcheshi, ambaye kila mvua iliponyesha alinitania: "Wewe wa nchi ya vumbi, kinga ndoo upeleke kwenu!" Mzee huyo ndiye aliyenionyesha kwamba kabla ya kuchimba popote, udongo wa juu unatolewa kwanza, unawekwa kando, haukanyagwi wala hauchanganywi na kifusi. Mgodi ukifungwa, kifusi kinarudi shimoni na udongo ule unatandazwa juu. "Ukiupoteza huo," aliniambia, "hata mimi wa Tukuyu siwezi kukuazima mwingine."

Mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu, nami nilipunguzwa. Nikarudi nyumbani kwa treni na mke wangu, watoto na masanduku yetu. Haukupita muda mrefu, akaja mwekezaji kutafuta vito. Wakati ule wawekezaji walikuwa wanaingia kila mahali. Miamba aliyoitaka ilikuwa chini ya shamba la mke wangu, shamba ambalo baba alimpa kwa mkono wake mwenyewe alipokuja kwetu mara ya kwanza kama mchumba. Lilikuwa linatoa uwele na karanga, na mvua zikianza, mlenda ulijiotea wenyewe pembezoni.

Mke wangu hakutaka. Mimi ndiye niliyembembeleza.

"Mama watoto, wakimaliza utarudishiwa. Nitasimamia mwenyewe."

"Umesema wewe," alijibu. "Sikusema mimi."

Nikasimamia kweli. Tuliukwangua udongo wa juu, tukaulundika upande wa juu wa mteremko, tukaufunika kwa mabua usipeperuke. Tulichimba shimo la wima, halafu njia za pembeni kufuata mkanda wa mawe, na hakuna mtu aliyeumia humo zaidi ya kucha na magoti. Mawe yalipokwisha, mwekezaji yule alitimiza ahadi, jambo ambalo wengi wa siku zile hawakulitimiza. Aliwalipa vijana wakarudisha kifusi chini, tukashindilia, tukasawazisha, tukatandaza udongo wetu. Haukuwa mwingi. Ulifunika kifusi kimo cha kiganja tu. Wanawake wa kijiji, mke wangu akiwa mbele yao, wakabeba mashina ya nyasi kutoka bondeni na kuyapanda kwa mistari, wakiyamwagilia kwa ndoo. Mkutano wa kijiji ukaamua kwamba mnyama asiingie mpaka misimu mitatu ya mvua ipite. Baada ya hapo shamba lingerudi kwa mwenyewe. Msimu mmoja ulikuwa mzuri. Wa pili ndio huo uliotupita.

Siku chache za kaka zikawa wiki, maana mvua hazikuja. Mke wangu alituletea uji pale uani. Alimwamkia shemeji yake kwa adabu, akampa kata ya uji, kisha akaniita pembeni.

"Baba watoto, umewauliza wenzangu waliobeba ndoo?"

"Ni kaka," nilisema.

"Najua ni kaka. Nimeuliza wenzangu."

Alisimama akitazama kwato zikivuruga mistari yake, akachukua kata yake, akaenda.

Ng'ombe walikula majani, kisha wakang'oa mashina. Udongo ukawa unga. Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira, kama inavyokuja kwetu baada ya kiangazi kirefu, alasiri moja tu. Nilikimbia na jembe kufungua mifereji. Maji yalikuwa yanateremka mekundu hadi korongoni, na nilijua ni kitu gani kinachoyapaka rangi ile. Yalipopungua, nilikuwa nimesimama juu ya kifusi kitupu.

Mkutano ulinilaumu, na ulikuwa na haki. Nawashukuru wanawake wale kwamba hawakunitenga. Walinisema usoni, wakamaliza, na msiba ulipoingia kwangu miaka ya baadaye walikuwa wa kwanza kuwasha moto wa kupikia. Kaka naye ng'ombe wake waliokoka, karibu wote, na nashukuru, maana watoto wake walikunywa maziwa yale. Alipoona alichofanya hakutafuta maneno. Alifunga maksai kwenye mkokoteni, akasomba samadi kutoka zizini kwake kila msimu mpaka nguvu zilipomwisha. Mvua zilichukua nyingi. Iliyobaki imeotesha migunga na nyasi za kubahatisha. Mbuzi wanapata kivuli. Uwele haukuota tena.

Mke wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuwahi kunisimanga kwa jambo hilo, hata tulipogombana kwa mengine. Alikodi kipande bondeni kwa jirani, akawa anaondoka na jembe alfajiri kwenda kulima cha watu, akipita kando ya ua uleule. Nilimsaidia kila palizi. Mwaka ambao jirani alihitaji shamba lake, tulinunua unga.

Amefariki bila kuvuna tena hata suke moja katika ardhi aliyopewa na baba yangu. Nilimwahidi kwa mdomo wangu kwamba atarudishiwa, nikaiacha ahadi hiyo iliwe na ng'ombe wa kaka kwa sababu niliona haya kusema hapana. Nimepoteza shamba, na nimemzika mke wangu nikiwa bado sijatimiza ahadi.