Ofisi Ilivyomwoza Marehemu Mke Wangu kwa Mkurugenzi

Mke wangu aliolewa mara ya pili akiwa ndani ya friji ya mochari.

Sitanii. Na aliyemwoza si mtu wa ukoo. Ni kompyuta ya ofisi moja hapo Homa Bay, pamoja na wakubwa wake wenye tai. Jina la ofisi naliacha. Wakubwa ni walewale, ukimjua mmoja umewajua wote.

Mimi naitwa Mokaya. Mgusii, lakini boma langu liko Migori, nalima miwa. Shule niliachia chini kabisa, kwa hivyo wasomi mnisamehe, ama msinisamehe.

Marcella wangu aliugua, akalazwa Homa Bay, akafia huko.

Sisi ni Wasabato. Jumamosi hatuziki. Tukapanga Ijumaa, kabla jua halijatua.

Alhamisi nikaenda kuchukua kibali cha kuzika. Bila kibali mochari haikupi mtu wako. Na siku hizi kibali hakiandikwi na mkono, kinatoka kwa ukurasa wa mtandao.

Maendeleo!

Binti wa kompyuta, Liz, akabonyeza. Skrini ikajaa maandishi ya Kizungu, mengi kama siafu.

"Inasema nini, binti yangu?"

"Inasema haipati maktaba."

"Nani ameomba vitabu? Mimi nataka kuzika."

Akacheka, halafu akakumbuka nimefiwa.

"Si vitabu, baba. Huu ukurasa unapikwa kwanza kule kwa seva, ile kompyuta kubwa, ndio unakuja hapa. Aliyeutengeneza alijitungia alama zake, tunaziita tagi. Tagi moja inaweka tarehe, nyingine jina la marehemu, nyingine muhuri. Maana ya hizo tagi zote iko kwa faili moja, hiyo ndiyo maktaba. Ukurasa umeiita, haijaitika."

"Imeibiwa?"

"Iko tu. Imebadilishwa jina."

Sasa sikia upuzi wa watu wazima.

Mkurugenzi wa zamani wa ofisi ile pia aliitwa Mokaya. Si ndugu yangu, akina Mokaya tumejaa kama omena ziwani. Huyo bwana alitaka mfumo ubebe jina lake. Maktaba ikaitwa Mokaya, na kila tagi ikaanza na Mokaya, kama mtoto anayechonga jina kwenye dawati.

Akatolewa. Akaletwa mwingine, Gordon. Kazi ya kwanza ya Gordon haikuwa kutuhudumia. Ilikuwa kufuta jina. Mlangoni likafutwa. Kwa vikombe vya chai likakwanguliwa. Mwisho akaamuru hata maktaba ya kompyuta iitwe Gordon.

Ikaitwa. Lakini kurasa hakuna aliyeziambia. Zikabaki zinamwita Mokaya, na Mokaya hayuko.

"Si umrudishe?" nikamuuliza Liz.

"Ni kazi ndogo sana. Lakini mdosi hataki kuona hilo jina."

Hapo mdosi mwenyewe, Gordon, akatokea, tumbo likitangulia.

"Shida iko wapi?"

"Bosi, ama maktaba irudie jina la zamani, ama tubadilishe kila ukurasa unaoiita," Liz akamwambia.

"Badilisha kurasa. Ukiona Mokaya, toa, weka Gordon. Kila mahali."

"Kila mahali, bosi? Kumbukumbu za watu nazo ziko humo humo, na kuna..."

"Liz. Kila mahali ni wapi? Kiswahili pia kimekushinda?"

Liz akageukia kompyuta yake.

Hapo ndipo wasomi hunichosha. Anaona nyumba itaungua, lakini anawasha kiberiti kwa sababu aliyemtuma ana gari la ofisi.

"Mzee, kuja kesho asubuhi," Gordon akaniambia bila kuniangalia. "Itakuwa sawa."

Nikaamini. Mjinga ni mimi. Nikapiga simu nyumbani, wachimbe alfajiri.

Na kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala tupu, litatafuta mwingine wa kuingia.

Ijumaa asubuhi ukurasa ukafunguka vizuri. Tagi zote ziliitika. Tarehe ilikuwepo, muhuri ulikuwepo. Liz akanipa karatasi ikiwa bado moto, nikatoka nayo mbio mpaka mochari.

Huko nikakuta jeneza, gari, akina mama wa Dorkasi, kile chama cha wanawake wa kanisani kwetu, na Jerusha, dada ya Marcella. Jerusha ana mdomo. Mungu alimpa wa watu wanne.

Mhudumu wa mochari ni Mkuria mmoja anaitwa Mirumbe. Akaishika karatasi mbali na macho, akasoma polepole.

"Gordon yuko wapi?"

"Gordon gani?"

"Bwana ya marehemu. Si hii hapa? Marcella Gordon, mke wa Gordon. Mwili unachukuliwa na Gordon."

Nikadhani ananichezea. Jerusha akasoma. Ni kweli.

Wakati wa kumwandikisha Marcella, karani aliandika tu "mke wa Mokaya", vile watu wanavyosema. Lile agizo la kila mahali likapita hapo pia.

"Mirumbe, ndugu yangu, si umeniona nikilia hapa juzi?"

"Kulia si kitambulisho, mzee. Hapa wanalia wengi. Nikikupa mtu ambaye si wako kwa karatasi, nitafungwa mimi. Gordon hatafungwa."

Jua lilikuwa limepanda. Nyumbani shimo lilikuwa wazi.

Nilidhani Jerusha atalia. Akacheka, kicheko kibaya.

"Kumbe tumepata shemeji mpya na hatujamsalimia? Akina mama, twendeni."

Wakaingia ile ofisi na sare zao, wimbo wa maombolezo ukianzia mlangoni. Gordon alikuwa anakunywa chai.

"Shemeji Gordon! Pole kwa kufiwa!"

"Nani amefiwa?"

"Wewe. Mkeo Marcella yuko mochari anakungoja. Ona, muhuri ni wako."

"Mama, hayo ni makosa ya mtambo tu."

"Mtambo wa nani? Sikiza, shemeji. Kwetu Gusii mwanamke hazikwi kama mahari yake inadaiwa. Mokaya alileta ng'ombe wake wote, akamaliza. Wewe hujaleta hata kuku. Lete ng'ombe kwanza. Halafu utuonyeshe boma lako, tuchimbe."

Watu wakatoka ofisi zote. Simu zikainuliwa juu, wanarekodi. Mama mmoja akajitupa sakafuni.

"Woi, mke wa Gordon! Umemwachia nani Gordon!"

Sasa Gordon ni Mjaluo, kwao kumlilia aliye hai ni mkosi, na mkewe Mourine yuko hai, anauza vitenge hapo mjini. Kusikia mke wa Gordon analiliwa, na mke wa Gordon anapumua! Tumbo lote lile lilitetemeka. Simu yake ikalia.

"Mourine... hapana... hakuna aliyekufa... ni wimbo tu!"

Akakata. Jasho lilikuwa linadondokea chai.

"Mimi sijafiwa! Nyamazeni! Liz! Rudisha Mokaya!"

"Wapi, bosi?"

"Kila mahali! Toa Gordon kila mahali, weka Mokaya!"

Liz akamwangalia. Safari hii hakuuliza. Akabonyeza.

Karatasi ikatoka. Marcella Mokaya, mke wa Mokaya. Na chini kabisa, pale pa sahihi ya mkubwa: Imeidhinishwa na Mkurugenzi Mokaya.

Jerusha akanipiga kiwiko. Nikakunja karatasi haraka, tukaondoka. Mirumbe alitafuta jina moja tu, akaliona, akafungua mlango.

Marcella alishuka ardhini jua likiwa bado juu ya miwa, akiwa mke wangu. Kaburi halikulala wazi.

Gordon je? Nasikia mfumo haumjui tena. Akiomba likizo, inatoka kwa jina la yule aliyemfukuza vikombeni. Kurekebisha anaogopa, maana itabidi aeleze wakubwa wake ni nani aliyeamuru.

Hawa ndio tunaowapa viti. Mtu anapigana na jina la mwenzake mpaka ndani ya kompyuta, na maiti za watu zinangoja.

Mkubwa akikuambia "kila mahali", muulize kama na yeye yumo.